Rhino: mstari na tao vimeshaungwa kwa Join, mbona mwanga bado unavunjika kwenye kiungo?

mchoraji_mdf:

Habari wakuu. Nachora mkono wa kiti cha mapokezi kwenye Rhino 7 (programu ya kuchora 3D), vipimo kwa milimita, toleransi (kosa linaloruhusiwa) 0.001. Utakatwa MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizogandamizwa) kwa CNC (mashine ya kukata inayoongozwa na kompyuta) halafu upigwe rangi nyeusi ya kung'aa, kwa hiyo kila kasoro itaonekana.

Mchoro wa ubavuni una vipande vitatu. Juu kuna mstari ulionyooka wa mm 420. Unafuata tao la rediasi 60 linalogeuka nyuzi 70 kwenda chini, nimelichora likiwa tanjenti na mstari (linaanza kwa mwelekeo uleule, bila kona). Mwisho kuna splaini (mpindo huru unaoongozwa na pointi) ya digrii 3, pointi 9, inayoshuka hadi mguuni. Splaini nimeianzisha kwenye ncha ya tao kwa osnap ya End (kishikizo cha ncha).

Nikafanya Join, vyote vikawa kitu kimoja, nikakivuta kwa ExtrudeCrv mm 90. Nikiwasha Zebra (milia ya kukagua ulaini wa uso), kwenye kiungo cha mstari na tao milia inakutana lakini inakata kona ghafla. Kwenye tao na splaini haikutani kabisa, mmoja uko juu na mwenzake uko chini.

Maswali: kwa nini Join haikulainisha? Nitumie Match (kubadilisha mpindo mmoja ufuate mwingine) au BlendCrv (kuweka mpindo mpya wa kuunganisha)? Na je, nikipiga Rebuild mchoro mzima si nitamaliza kazi kwa mkupuo mmoja?

---

nukta_na_mstari:

Join ni gundi tu, mkuu. Inaangalia kama ncha mbili zimekutana ndani ya toleransi, basi inaandika kwamba sasa ni kitu kimoja. Umbo la vipande haligusi. Kona ikiwepo kabla ya Join, itakuwepo baada ya Join.

Ulichokiona kwenye Zebra ni viwango viwili tofauti vya mwendelezo, na dawa zake ni mbili tofauti.

G0: ncha zimekutana, basi. Mwelekeo unaweza kuwa wowote. Milia ya Zebra inaruka.
G1: zimekutana na zinaelekea upande mmoja, yaani tanjenti ni moja. Milia inakutana, lakini inavunjika kona pale kwenye kiungo.
G2: pamoja na hayo, ukali wa mpindo ni uleule pande zote mbili za kiungo. Milia inapita bila kujua kwamba kuna kiungo.

Kwa hiyo tao na splaini yako ni G0. Osnap ya End inashika nukta, haishiki mwelekeo. Mstari na tao ni G1, na hapo hukukosea kitu, ndivyo mstari na tao vinavyokuwa siku zote. Ukali wa mpindo ni 1 gawanya kwa rediasi. Kwenye mstari ni sifuri. Kwenye tao lako ni 1/60, karibu 0.0167. Jicho likipita kwenye kiungo linatoka sifuri hadi 0.0167 bila hatua ya katikati, na rangi ya kung'aa inalitangaza hilo.

Ukitaka kuliona, chagua mchoro, andika CurvatureGraph, ongeza skeli ya onyesho mpaka meno ya chanuo (vijiti vinavyosimama juu ya mpindo, urefu wake ndio ukali) yaonekane vizuri. Juu ya mstari hakuna jino hata moja. Kwenye kiungo linasimama ukuta wima, halafu meno yote ya tao yana urefu sawa. Ukuta huo ndio unaopaswa kugeuka mteremko.

Rebuild ya mchoro mzima usiiguse. Inatandaza pointi mpya kwa nafasi sawa kuanzia mwanzo hadi mwisho bila kujali vipande, kwa hiyo hata mstari wako wa mm 420 utaanza kuyumba, na tao halitakuwa tao tena. Ulaini utaupata kwa kupoteza vipimo.

Tao na splaini fanya hivi:

1. Explode (kutenganisha), ubaki na vipande vitatu.
2. Splaini ya pointi 9 kwa umbo la kushuka tu ni nyingi mno. Ifanyie Rebuild hiyo peke yake, digrii 5, pointi 6. Kabla ya kukubali, weka nakala ya ile ya zamani na upime tofauti kwa CrvDeviation. Ikizidi unachoweza kuvumilia, ongeza pointi moja moja.
3. Match. Bofya splaini kwanza, karibu na ncha inayogusa tao, halafu bofya tao. Kinachobofywa kwanza ndicho kinachobadilika. Ukianza na tao, Rhino italigeuza splaini bila kukuuliza.
4. Continuity weka Curvature. Average curves iache wazi. Preserve other end weka Curvature pia, ili upande wa mguuni usisogee.
5. GCon (amri ya kupima mwendelezo) kwenye kiungo. Mstari wa mwisho wa jibu ndio unaotoa hukumu: G0, G1 au G2.

Kwa nini pointi 6? Ili kushika G2, pointi tatu za kwanza kwenye ncha zinafungwa: moja ya mahali, moja ya mwelekeo, moja ya ukali. Ncha mbili ni pointi sita. Ukifanya Match ya Curvature kwenye splaini ya pointi 4, upande wa pili lazima uburuzwe, halafu watu wanalalamika kwamba Match "imeharibu mchoro".

Kwa mstari na tao, Match haifai kwa sababu vyote viwili unataka vibaki vilivyo. Kata kidogo pande zote, weka kipande cha katikati kwa BlendCrv, pande zote mbili Curvature.

---

mchoraji_mdf:

Shukrani sana mkuu. Splaini imekubali, GCon inasema G2.

Mstari na tao nimekata mm 15 kila upande kutoka kwenye nukta ya tanjenti, nikaweka BlendCrv ya Curvature pande zote. GCon inasema G2 ncha zote mbili. Lakini chanuo limepata nundu. Meno yanapanda kutoka sifuri, yanapita urefu wa meno ya tao, halafu yanarudi chini ndiyo yanaungana na tao. Nimevuta vishikio vya blend kila namna. Nundu inahama, haiishi. Kwenye Zebra inaonekana kama pamebonyea.

---

rediasi60:

Acha kuvuta vishikio, haitaisha. Hapo tatizo ni jiometria yenyewe, BlendCrv haina kosa.

Ukitaka mpindo unaoanza na ukali sifuri na kupanda taratibu hadi 1/60 bila kuzidi, tao haliruhusiwi kuwa linagusa mstari ule. Fikiria hivi: kipande cha kuunganishia kinaanza kugeuka mapema, kabla ya nukta ya tanjenti. Kikipanda taratibu, mpaka kifike mwisho kitakuwa kimeingia ndani zaidi ya pale tao lilipo. Kama tao halijasogea, njia ya kulifikia ni moja tu, kuchelewa kugeuka halafu kugeuka kwa ukali zaidi ya tao kwa muda. Hiyo ndiyo nundu yako.

Wahandisi wa reli na barabara wanalijua hili zamani. Kati ya njia iliyonyooka na kona wanaweka mpindo wa mpito, na kona yenyewe wanaisogeza kuingia ndani. Kiasi cha kusogeza:

s = L² / (24 × R)

L ni urefu wa mpito, R ni rediasi. Nusu ya mpito inakaa kabla ya nukta ya tanjenti ya zamani, nusu baada yake. Kwako L ni 30 na R ni 60, kwa hiyo 900 gawanya kwa 1440, ni mm 0.625.

Rudisha mstari na tao kama vilivyokuwa kabla ya kukata, halafu:

1. Sogeza tao kwa Move, mm 0.625, kutoka kwenye mstari kuelekea upande wa kitovu chake, kwa pembe mraba na mstari. Kwako ni chini moja kwa moja.
2. Kata mstari mm 15 kabla ya nukta ya tanjenti ya zamani.
3. Kata tao mm 15 kwa kufuata mzingo wake. Kwa rediasi 60 hiyo ni nyuzi 14.3. Tao lako la nyuzi 70 lina urefu wa mm 73.3, kwa hiyo linabaki na zaidi ya mm 58, halijadhurika.
4. BlendCrv, Curvature pande zote mbili. Vishikio visogeze mpaka meno ya chanuo yapande kama mteremko ulionyooka kutoka sifuri hadi kwenye tao.
5. Splaini urudie Match, maana ncha ya chini ya tao nayo imehama kwa 0.625 ileile. Ndiyo maana kazi hii huanzia mstari na tao, splaini ikaja mwisho.

Ukiona mpito wa mm 30 bado ni wa haraka, ongeza L, lakini kumbuka imo kwenye mraba. L ya 60 inadai kusogeza mm 2.5, na inakula mm 30 za tao. Tao fupi likikosa nafasi, badala yake ongeza rediasi.

Na ukiwa na mistari miwili na tao katikati, kama kona ya meza, usisogeze kwa pembe mraba na mstari mmoja. Sogeza kitovu kwenye mstari unaogawa kona nusu kwa nusu, ili umbali uongezeke sawa kwa mistari yote miwili.

---

huru_cad:

Kwa wanaotumia FreeCAD (programu huria ya kuchora), au programu yoyote isiyo na BlendCrv, kazi hii inafanyika kwa pointi za kontroli na hesabu ya darasani. Inasaidia hata wenye Rhino kuelewa Match inafanya nini kwa ndani.

Chukua splaini ya digrii 5 yenye pointi 6 tu, uzito wa pointi zote uwe sawa. Ukali wa mpindo kwenye ncha unaamuliwa na pointi tatu za mwisho. Umbali kutoka pointi ya ncha hadi ya pili uite a. Umbali wa pointi ya tatu kutoka kwenye mstari wa tanjenti, ukipima kwa pembe mraba, uite h. Basi:

ukali = (4/5) × h / a²

Kwa digrii 3 yenye pointi 4, badala ya 4/5 weka 2/3. Geuza upate h unayohitaji kuungana na tao la rediasi R: kwa digrii 5, h = 1.25 × a² / R.

Upande wa mstari ukali ni sifuri, kwa hiyo h ni sifuri. Maana yake pointi tatu za kwanza zote zilale juu ya mwendelezo wa mstari. Wengi wanalaza mbili tu, wanapata G1, wanashangaa.

Kwa kipimo hikihiki cha mm 30 na rediasi 60, a ni 30 gawanya kwa 5, yaani 6. Upande wa tao h ni 1.25 × 36 / 60, sawa na 0.75. Pointi zinakuwa hizi, x ikifuata mstari kuanzia ulipokatwa na y ikielekea upande wa kitovu cha tao:

0, 0
6, 0
12, 0
18.077, 0.260
24.031, 1.006
29.844, 2.490

Mwisho wake unaangukia juu ya tao lililosogezwa 0.625, kwa mwelekeo wa nyuzi 14.3. Msizipunguze hizo desimali tatu. h ni 0.75 tu, ukikosea mm 0.05 ukali unakosea kwa karibu asilimia 7, na chanuo litaonyesha ngazi kwenye kiungo.

Ndani ya Sketcher (sehemu ya FreeCAD ya kuchora michoro bapa) msiandike namba mkononi kama mnatarajia kubadilisha vipimo. Upeni jina umbali a na rediasi R, halafu kwenye h andikeni 1.25 * Constraints.a^2 / Constraints.R. Wekeni digrii 5 mapema. Mkichora pointi 6 kwa digrii 3 ndipo mpandishe digrii, pointi zinaongezeka na hesabu hii inakufa, kwa sababu ni ya splaini ya kipande kimoja isiyo na kiungo ndani. Chanuo la splaini limo kwenye Sketcher, na Curves workbench ina zana yake ya Blend Curve kwa asiyetaka hesabu.

Tahadhari moja: a iko kwenye mraba. Ukirefusha a kutoka 6 hadi 9 ukaiacha h palepale, ukali unashuka chini ya nusu. Ndiyo maana kuvuta kishikio kimoja "kidogo tu" kwa mkono kunabomoa G2 papo hapo. Kwenye Rhino, baada ya blend kukamilika, msivute pointi. Tumieni EndBulge, inasogeza pointi huku ikilinda tanjenti na ukali.

---

vumbi_la_mdf:

Niulize kidogo kutoka upande wa karakana. Huu ni MDF, si mlango wa gari. Tao la tanjenti la kawaida limekata makochi na kaunta miaka yote, watu wanapiga msasa, maisha yanaendelea. 0.625 mm nani ataiona?

---

rediasi60:

Rangi isiyong'aa, kitambaa, au umbo ambalo hakuna taa inayopita juu yake kwa mshazari: uko sahihi, tao la tanjenti linatosha na kuhangaika na mpito ni kupoteza mchana. Hata kona ndogo ya rediasi 3 hakuna haja.

Lakini mwenye swali amesema nyeusi ya kung'aa, na mkono wa kiti cha mapokezi mara nyingi unakaa chini ya taa ndefu za dari. Ile 0.625 yenyewe haionekani, kinachoonekana ni mwakisi wa taa. Mwakisi unafuata mwelekeo wa uso, na kasi ya kubadilika kwa mwelekeo ni ukali wa mpindo. Ukali ukiruka, mwakisi wa taa unakata kona. Msasa nao una mipaka: mikwaruzo na vipande vifupi vinaondoka, ila kasoro yenye upana wa mm 30 kitalu cha msasa kinaipanda na kuishuka tu, na ukiilazimisha unatengeneza bonde.

---

nukta_na_mstari:

Naongeza la faili, kwa sababu hapa ndipo kazi nzuri huharibikia.

DXF (aina ya faili la kubadilishana michoro) ya toleo la zamani la R12 haijui splaini. Ukihifadhi kwa R12, mpito wako na splaini ya chini vinageuzwa vipande vya mistari iliyonyooka. Hifadhi kwa toleo jipya zaidi kama programu ya CAM (inayoandaa njia ya mashine) inasoma splaini. Kama haisomi, wewe mwenyewe amua ukubwa wa vipande, usiuachie mpangilio wa kiwandani. Na usihukumu kwa umbali pekee. Kipande cha mm 2 kwenye rediasi 60 kinakosea mm 0.008 tu, namba inayopendeza, lakini kati ya kipande na jirani yake kuna pembe ya karibu nyuzi 1.9, na kwenye uso wa kung'aa hizo ni bapa zinazohesabika kwa macho. Kwa vipande vya mm 0.5 pembe inashuka chini ya nusu nyuzi, hapo msasa wa kawaida unamaliza.

Sehemu ya tao iache iwe tao, usiifanye splaini kabla ya kutuma.

Halafu kuna mtego wa majina. Kwenye msimbo wa mashine, G1 ni mwendo wa mstari na G2 ni tao la kufuata saa. Hazihusiani kabisa na G1 na G2 tunazozungumza hapa. Mwendesha mashine akikuambia "faili lako lote ni G1", anamaanisha limegeuka vipande vya mistari. Usimjibu kwamba ulihakikisha ni G2.

---

mchoraji_mdf:

Wakuu, nundu imekwisha. Nimesogeza 0.625, nimekata kama mlivyosema, chanuo sasa linapanda kama paa la nyumba halafu linanyooka juu ya tao. Splaini nimeirudia Match. Zebra inapita viungo vyote viwili bila kukata.

La mwisho: BlendCrv ina G3 na G4 pia. Nizitumie?

---

rediasi60:

Kwa hii, hapana. G3 inalainisha ile kona ndogo iliyobaki kwenye chanuo, pale mteremko unapokutana na sehemu bapa. Uso wenyewe hautaonyesha tofauti kwa rangi ya kupuliza juu ya MDF. Na gharama ipo: blend ya G3 pande zote inahitaji pointi 8, digrii 7, na kwenye kipande kifupi cha mm 30 pointi zinabanana hadi kurekebisha kunakuwa shida.

Hiyo nguvu iweke kwenye kukagua kabla ya rangi ya mwisho. MDF ikishapigwa praima na msasa haing'ai, kwa hiyo kasoro inajificha. Ilowanishe kidogo kwa spiriti nyeupe (white spirit) kwa kitambaa safi, kisha simama ukiwa na taa ndefu upande wa pili na utazame kwa mshazari wakati bado imelowa. Kwa sekunde chache utaona mwakisi uleule utakaouona baada ya rangi. Acha ikauke kabisa kabla ya kupuliza.